Fagio Lililofagia Majibu ya Mzee Maganga

Wanangu, ninyi mnaosoma kompyuta, na ninyi mliokwisha kuziacha mkakimbilia maikrofoni, sogeeni hapa. Sitawaonyesha vyeti vyangu. Vingi vimeliwa na mchwa wa hapa mtaani Isevya, ambao kwa sasa wana elimu kuliko wakuu wangu wote wa kazi. Nitawaambia tu nilivyofanya kazi ya kompyuta kwa zaidi ya miaka thelathini, nikastaafu, nikawa mwenye podikasti, na nikajifunza kusikiliza nikiwa na mvi kichwa kizima.

Hapa mtaani mnaniita Mama Kulwa. Kule Dar es Salaam niliitwa Mtaalamu, jina wanalopewa watu ambao hakuna anayeelewa wanachofanya, na siku nyingine hata wao hawaelewi.

Somo la kwanza nililopewa ofisini halikuwa la hesabu. Lilikuwa neno moja: mfumo. Mkuu wangu wa kwanza, Bwana Sospeter, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni na wino katika moja, aliniita pembeni akanieleza kwamba mwananchi akija dirishani na shida, nisimwambie tumekosea. Nimwambie mfumo umekataa. Mtu aliyekosea hufokewa, alisema, lakini mfumo hauna uso wa kufokewa. Nililishika somo hilo kama wenzangu wanavyoshika Amri Kumi. Nimewahi kumwambia mjane kwamba mfumo haumtambui, na mjane yule alikuwa amesimama mbele yangu, mrefu, amevaa kitenge cha njano, ananitazama.

Wakati mmoja nilitumwa Urambo kuandikisha wakulima wa tumbaku. Programu niliyoiandika ilidai tarehe ya kuzaliwa, na asiye nayo haikumpokea. Wazee wale walijua walizaliwa mwaka wa nzige, au msimu ambao mto ulichukua daraja. Tarehe hawakuwa na kazi nayo. Nikawapa wote tarehe moja Januari. Siku tatu nzima niliwazaa upya, mstari wa wazee wenye kofia mkononi. Mwishoni mmoja wao akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama serikali baada ya kutuunganishia siku itatoa na pilau. Nikamjibu kwamba mfumo haujaeleza. Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akasema basi tutaungoja.

Nilicheka safari nzima ya kurudi. Sikujua nilikuwa namcheka nani.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani Tabora nikiwa na kompyuta mpakato, godoro zuri na kiburi ambacho sikukipakia lakini kilifika. Nikaona vijana wote wana podikasti: mmoja anafundisha mapenzi na hajaoa, mwingine anafundisha utajiri kwa simu ya kuazima. Nikasema na mimi nina la kusema. Nitasimulia ile njia ya zamani ya misafara, iliyotoka hapa kwetu hadi pwani, mizigo yote ikienda juu ya mabega ya babu zetu. Nikakiita kipindi Njia ya Mabega.

Studio niliipata kwa Bwana Kanji, fundi redio wa mtaa wa Ng'ambo, ambaye baba yake alikuwa fundi redio dukani humohumo. Alinipa chumba cha nyuma. Tukabandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, tukatundika blanketi mlangoni. Mengi ninayoyajua kuhusu sauti ni ya Bwana Kanji. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba friji la jirani linanguruma ndani ya rekodi hata kama sikio limelizoea; kwamba mzee asiambiwe "tusimulie historia", maana atakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti, bali aulizwe babu yake alikula nini njiani; na kwamba maikrofoni iwe kando ya mdomo, si mbele yake, ili pumzi ipite. Mkitoka hapa na hilo la pumzi tu, hamkuja bure.

Ila Bwana Kanji alikuwa na jambo lililonikera. Kila nilipowasha kompyuta, naye aliwasha kinasa kaseti cha zamani, akakiweka juu ya stuli.

"Hicho cha nini, Bwana Kanji?"

"Kikae tu, Mama. Hakili chakula."

Nilimhurumia. Mimi nilikuwa na Fagio.

Fagio ni programu niliyoiandika mwenyewe, na niliipenda kama mtoto wa uzeeni. Kazi yake ilikuwa kusafisha rekodi. Ikisikia kimya cha zaidi ya sekunde moja, inakata. Ikisikia kikohozi, kicheko, mguno, au watu wawili wakizungumza kwa pamoja, inabakiza sauti yenye nguvu na kuifagia nyingine. Saa nzima ya maongezi ilitoka dakika kumi, safi, kama sahani ya hoteli. Ikimaliza huuliza: nifute rekodi ya asili? Na kwa kuwa sikupenda kusumbuliwa na maswali, niliiandika ijijibu yenyewe: ndiyo.

Sasa nije kwa wenyewe.

Mzee Petro Maganga alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, mkulima wa tumbaku aliyezeekea hapa Isevya, mjukuu wa mpagazi wa ile misafara. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. Bi Mwanaidi alikuwa Mzaramo, mjane wa mtu wa reli, mpika maandazi wa Ng'ambo. Aliletwa Tabora na ndoa, akabakizwa na maandazi. Ninyi mnajua, au mlipaswa kujua, kwamba sisi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walipita kwao na mizigo, wakalala kwao, wakagombana nao, wakazikana, na mwisho wakakubaliana kutukana bila kukasirika. Mtani anakuita mtumwa wake, anabeba kuku wako, nawe huna pa kushtaki. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kuuvuruga msiba ili waliobaki wapate kupumua.

Hao wawili walikuwa wametaniana kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila asubuhi Bi Mwanaidi alipeleka maandazi kwa Mzee Maganga na tusi jipya, akangoja mlangoni ajibiwe. Nikaona hicho ni kipindi. Nikawaalika studio.

Walianza kabla hawajaketi.

"Mtumwa wangu," alisema Bi Mwanaidi, "babu yako alibeba jino la tembo kutoka hapa hadi pwani, akaiona bahari, akauliza nani kamwaga maji yote haya."

"Alimuuliza babu yako," Mzee Maganga akajibu polepole, "aliyekuwa amelala chini ya mnazi tangu juzi, anangoja nazi imwangukie mdomoni."

"Alikula nazi, basi. Ninyi mlikula michembe. Viazi vimekauka mpaka meno yanaomba likizo."

"Meno yetu tuliyabeba begani. Mlituonea wivu kwa yapi?"

Bwana Kanji alikuwa anafuta machozi kwa pindo la shati. Mimi nilikuwa natazama saa. Wakaendelea hivyo, na katikati ya vicheko Mzee Maganga akasema jambo ambalo sikulishika, kwa sababu nilikuwa naangalia kama mistari ya sauti kwenye kioo cha kompyuta inapanda vizuri. Nakumbuka tu kwamba Bi Mwanaidi alicheka sana, kisha akapangusa macho.

Jioni ile nikalifungulia Fagio rekodi. Nikasikiliza dakika mbili za mwanzo, zilizokuwa sauti yangu mwenyewe ikitambulisha kipindi, nikaridhika. Nikairusha hewani.

Mmeshaelewa. Sauti ya Bi Mwanaidi hupasua bati. Sauti ya Mzee Maganga, kwa vipimo vyangu, ilihesabika kama friji la jirani. Fagio likamfagia. Kilichobaki ni mama mmoja akimtukana mzee dakika kumi mfululizo, mtumwa wangu hivi, mtumwa wangu vile, na mzee kimya. Mtu asiyejulikana akakata kipande cha nusu dakika, akakiandikia BIBI AMDHALILISHA MZEE MGONJWA, kikazunguka kwenye simu kutoka hapa hadi Dar es Salaam, haraka kuliko msafara wowote uliowahi kupita.

Hilo la mgonjwa ndilo lililotuua. Siku nne baada ya kurekodi, kabla hata kipande hakijasambaa, Mzee Maganga alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na ulimi ukalala nao. Mtu pekee aliyeweza kusema "nilimjibu" hakuweza kusema lolote.

Mwanawe mkubwa, Dastan, akaja kutoka Dar es Salaam. Ni mtu mtaratibu, mwenye sauti ya baba yake. Alikuja kwangu, akaniamkia shikamoo, akakaa, akaweka simu mezani.

"Mama, mimi ni Mnyamwezi. Utani naujua. Lakini utani una majibu, na hapa baba yangu hajibu. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Siku ile alijibu?"

Wanangu, jibu lilikuwa na neno moja, na lilikuwa mdomoni. Lakini kulisema ningelazimika kulifuatisha na mengine: kwamba mtoto wangu wa uzeeni ni mjinga, kwamba sikusikiliza, kwamba asili niliifuta. Nikasikia sauti ya Bwana Sospeter ikipanda kooni kwangu.

"Mfumo," nikamwambia, "ulirekodi kilichokuwepo."

Dastan akachukua simu yake, akashukuru, akaenda. Tangu siku hiyo Bi Mwanaidi akakatazwa kukanyaga nyumba ile.

Alikuja kwangu kesho yake asubuhi na maandazi yaliyokataliwa mlangoni. Nilijiandaa kwa tusi. Mimi pia ni mtumwa wake kwa utani, na alikuwa hajawahi kunipita bila kunitukania godoro langu la Dar es Salaam. Aliweka bakuli mezani akasema, "Habari za asubuhi, mheshimiwa." Basi. Akaeleza kwa Kiswahili cha barazani kwamba anaomba, kama hainisumbui, niwaambie wale watoto wa mzee kilichotokea. Siku mtani wako anapokuita mheshimiwa, jueni hapo hakuna tena utani wa kuokoa.

Nikamwambia nitalishughulikia. Hilo nalo ni neno la ofisini.

Nilishughulikia. Niliandika marekebisho chini ya kipindi, aya moja, kwamba kutokana na sababu za kiufundi baadhi ya sauti huenda hazikusikika ipasavyo. Watu waliipenda kwa vidole gumba vitatu, kimoja changu. Nilijaribu kufufua ile asili kwenye kompyuta nikakuta Fagio limefanya kazi yake vizuri kuliko programu zote nilizowahi kuandika.

Na Bwana Kanji je? Bwana Kanji aliniambia wiki ile ile. Kaseti ipo, Mama, alisema, nimeiandika jina. Nikamwambia vizuri, nitaipitia. Sikuipitia. Nilijua kilichokuwa mwanzoni mwa kaseti ile, kabla wageni hawajaingia, kwa sababu nilikumbuka nilichosema. Na kinasa cha Bwana Kanji kilikuwa kimevunjika kitufe cha kupelekea mbele. Ukikiwasha, utasikiliza tangu mwanzo.

Nikangoja nipate nafasi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Bi Mwanaidi alikuwa anapita mbele ya nyumba ile kila asubuhi na bakuli lake, taratibu, na dirisha la chumba cha mgonjwa lilikuwa upande wa barabara. Hasimami. Anakohoa kidogo tu, anapita. Wanasema mzee alikuwa anageuza kichwa.

Asubuhi moja ya Jumanne alipita akakuta dirisha limefungwa na watu wanashusha viti.

Msiba ulikuwa mkubwa. Turubai mbili, kwaya, spika zenye kimo cha mtu. Nilikaa kwenye mkeka na akina mama, nikanyoosha shingo, nikamwona Bi Mwanaidi ng'ambo ya barabara, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu mumewe na kofia iliyochakaa ya mkulima wa tumbaku, na mkononi ameshika fimbo, mavazi ya mtani aliyekuja kumwigiza maiti. Mavazi ya kuchekesha kabisa, na hakuna aliyecheka. Vijana wawili wa familia walikuwa wamesimama getini. Hakubishana nao. Alikaa tu juu ya ndoo yake na fimbo, amevaa kama Mzee Maganga, jua linampiga.

Niliinuka. Nilitembea hadi Ng'ambo kwa Bwana Kanji, naye alipaswa kuwa msibani, lakini nilimkuta dukani amevaa suti yake, kaseti iko mapajani. Hakusema umechelewa. Alisema, "Betri nimeweka mpya."

Tulirudi msibani na kinasa, nikamwita Dastan nyuma ya nyumba, penye masufuria. Nikamwambia baba yako alijibu. Nikamwambia si mfumo, ni mimi. Niliandika programu ikakata sauti yake, sikusikiliza, na uliponiuliza nilikudanganya. Nikamwomba tuketi chumbani tusikilize wawili.

Alikataa kwa kichwa.

"Lile la kwanza walilisikia wote, Mama," alisema. "Na hili walisikie wote."

Akakichukua kile kinasa akakiunganisha kwenye spika za kwaya.

Kwa hiyo sauti ya kwanza iliyotoka, mbele ya padre, mbele ya Isevya yote na nusu ya Urambo, ilikuwa yangu, ikiwa na afya njema kabisa: "Bwana Kanji, wazee hawa watapiga porojo saa nzima, tutapata dakika kumi za maana. Usijali, takataka zote Fagio litaondoa." Kisha mlango ukasikika, na sauti ile ile, sasa imepakwa asali: "Shikamooni wazazi wangu, karibuni sana, tumewangoja kwa hamu."

Mtu mmoja akacheka. Kisha turubai zote mbili. Sijawahi kusikilizwa na watu wengi kiasi kile tangu nianze podikasti.

Halafu akaja Mzee Maganga. Mnazi, nazi, meno begani. Kwa miezi miwili watu wale walikuwa hawajaisikia sauti yake, na sasa ilikuwa inaburuta kiti chake katikati yao. Walicheka huku wanashika midomo. Mpaka kikafika kile kipande ambacho sikukishika siku ile, chini ya kicheko cha Bi Mwanaidi.

"Nikifa usije kunililia. Wanangu watalia vizuri tu, wamesoma. Wewe uje unitukane. Anza na babu, umalize na mimi. Na ukimaliza, ningoje kidogo nijibu."

"Maiti hujibu?"

"Mnyamwezi hujibu. Wewe ningoje tu."

Dastan akazima. Alitoka getini, akavuka barabara peke yake, akainama mbele ya ile ndoo.

"Shikamoo, Bibi. Tumekwama. Hatuna mtani."

"Marahaba," alisema Bi Mwanaidi. Aliinuka akiegemea fimbo. "Nilidhani siku hizi mnazikana kwa mfumo."

Tulimzika shambani kwao, njia ya Urambo. Jeneza lilipofikishwa Bi Mwanaidi aliketi juu ya udongo uliochimbwa, akakataa lisishushwe. Alidai faini kwanza, kama watani wafanyavyo, na akanichagua mimi niilipe. Akanivua vile visikizi vyangu vya studio, nilivyokuwa navyo shingoni kwa mazoea, akavivaa juu ya ile kofia. Anavyo hadi leo. Hukaangia maandazi akiwa amevivaa, waya unaning'inia, haujachomekwa popote, na anasema sasa anasikia vizuri kuliko mimi.

Kisha akaanza na babu, kama alivyoagizwa. Akamtukana babu kwa bahari, baba kwa michembe, na Mzee Maganga kwa kila kitu kilichobaki, na watu walicheka wakilia. Mimi nilikuwa na simu mkononi, narekodi. Alipomaliza, akafumba mdomo. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi mlangoni, akangoja.

Kipindi hicho kipo hewani, hakijakatwa popote. Fagio sikulitumia, nimelifuta, na kabla ya kulifuta niliulizwa kama nina hakika, nikajibu mwenyewe. Mtakapofika mwishoni mtasikia upepo kwenye majani ya tumbaku, mtu anakohoa, halafu kimya kirefu. Msigongegonge simu mkidhani mtandao umekatika. Ngojeni kidogo.